Sevisi chaji yako inaenda wapi? Jinsi ya kuidai kamati ya mtaa hesabu

Hebu tupige hesabu ya haraka. Wacha tuseme mtaa wenu una nyumba 80, na kila nyumba inalipa ada ya huduma, ile wengi tunaiita tu sevisi chaji, ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 400,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4.8. Kuna biashara nyingi mjini ambazo haziuzi kiasi hicho, na bado zina leseni ya kaunti, zina mtu wa hesabu na zina KRA inayozichungulia. Kamati ya mtaa mara nyingi ina mwenyekiti, daftari moja, na nambari ya simu ya mweka hazina.

Halafu siku moja pampu ya kisima inaungua, na kwenye grupu ya WhatsApp inatumwa ujumbe kwamba kila nyumba ichange 3,000 zaidi kwa sababu akaunti haina kitu. Hapo ndipo mtu anauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwaka mzima: zile zingine zilienda wapi? Mwenyekiti anakasirika, mtu anatolewa kwenye grupu, na majirani wanaanza kupitana getini bila salamu.

Sisi hukutana na magomvi haya yakishaiva, kwa sababu pesa zinapopita kwa simu, watu huja kwetu. Ombi linalorudi sana ni hili: “Nirudishieni pesa niliyotumia kamati.” Jibu letu huwa halifurahishi. Ukituma pesa kwa nambari sahihi na ikamfikia uliyemkusudia, sisi hatuwezi kuirudisha eti kwa sababu hamjaelewana naye. Huo ni mgogoro kati yako na kamati, na una njia zake. Njia ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani, lakini zote zinaanzia kwa swali moja ambalo wakazi wachache huuliza.

Kamati yenu imesajiliwa kama nini?

“Kamati ya mtaa” ni jina la mazungumzo tu. Kisheria inaweza kuwa kitu kimoja kati ya vinne, na kila kimoja kina mwangalizi wake. Ukipeleka malalamiko kwa ofisi isiyohusika, utazungushwa miezi na mwisho uambiwe huko siko.

Ya kwanza ni kampuni ya usimamizi. Hii ni kawaida kwenye fleti na nyumba za mtaa wenye geti ambazo ziliuzwa kwa mfumo wa zamani: uliponunua nyumba ulipata hati ya kukodi ya muda mrefu pamoja na hisa moja kwenye kampuni inayoshikilia ardhi na sehemu za pamoja. Kama ni hivyo, wanaojiita kamati ni wakurugenzi wa kampuni, na wewe ni mwenye kampuni pamoja na majirani zako. Wanabanwa na Sheria ya Kampuni ya 2015. Wakurugenzi halali unaweza kuwajua kwa kuagiza fomu ya CR12 kupitia eCitizen, kwa ada ndogo. Fanya hivyo kabla ya kubishana na mtu yeyote. Unaweza kugundua kwamba aliyejenga mtaa na kuondoka bado ndiye mkurugenzi kwenye rekodi, na mwenyekiti mnayemlilia kila siku hayuko popote. Hapo mnajua tatizo lenu la kwanza ni lipi.

Ya pili ni shirika la wenye nyumba chini ya sheria mpya ya umiliki wa sehemu, Sectional Properties Act ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020. Chini ya sheria hiyo, mpango wa jengo ukishasajiliwa, shirika linazaliwa papo hapo na kila mwenye nyumba ni mwanachama, apende asipende. Majengo ya zamani yalipewa miaka miwili kubadilisha hati zao, lakini bado utakutana na mengi yaliyo kwenye mfumo wa zamani. Uzuri wa sheria hii ni kwamba inatambua kwamba majirani watagombana: inaruhusu kuwepo kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro, ambayo ni tofauti na ile inayokusanya pesa. Ukiwa kwenye jengo kama hilo na hujawahi kusikia kuhusu kamati hiyo, uliza kwa maandishi ni akina nani walio ndani yake.

Ya tatu ni chama cha wakazi kilichosajiliwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama. Hapa ndipo ilipo mitaa mingi ya nyumba zinazojitegemea, ambapo kila mtu ana hati yake na kinachowaunganisha ni geti, taa na askari wa usiku. Wengi hudhani chama cha aina hii ni cha kujuana tu. Si hivyo. Sheria inakitaka kifanye mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, kiwasomee wanachama hesabu kamili ya pesa zilizoingia na zilizotoka, kiwe na sajili ya wanachama, na kipeleke ripoti ya mwaka kwa Msajili. Mwanachama ana haki ya kukagua vitabu vya hesabu. Haki hiyo haitegemei kama mweka hazina ana nafasi Jumamosi.

Ya nne ni kundi la kijamii, lile lililosajiliwa kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, ambalo siku hizi liko chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022. Afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu ndiye wa kumwona.

Na kuna ya tano, ambayo kwa kweli si kitu: watu wanne waliochaguliwa chini ya mti mwaka fulani, hawana cheti, hawana katiba, na wanakusanya pesa. Watu hao wanaweza kuwa waaminifu kabisa. Lakini chama ambacho hakijasajiliwa kitapata taabu kufungua akaunti kwa jina lake, kwa hivyo pesa zitaishia kwa jina la mtu.

Pesa za watu 80 kwenye laini ya mtu mmoja

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojua vizuri zaidi, na ndipo tunaona mitaa mingi ikijichimbia shimo bila mtu yeyote kuiba hata shilingi.

Mweka hazina akipokea michango kwa laini yake ya kawaida, pesa hizo machoni pa mfumo ni zake. Zimechanganyika na mshahara wake, karo ya watoto na pesa alizotumiwa na shemeji. Akiwa amechukua mkopo wa kuongezewa salio, kama Fuliza, pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza kulipa deni. Yaani ada yako ya askari wa geti inalipa deni la mtu binafsi, na yeye mwenyewe huenda hata hakutaka iwe hivyo. Akipoteza simu, mtaa mzima unasubiri abadilishe laini. Akihama, anahama na rekodi zote. Na akifariki, Mungu apishe mbali, salio lililo kwenye laini ni sehemu ya mali yake. Familia itafuata utaratibu wa mirathi kama ilivyo haki yao, na nyinyi mtalazimika kuwaendea wafiwa mkiwa na daftari mkononi kuwaambia kwamba sehemu ya pesa hizo ni za pampu ya maji. Hakuna mkazi anayetaka kuwa kwenye ujumbe huo.

Isitoshe, laini ya kawaida ina kikomo. Tangu Agosti 2023 pochi ya M-PESA ya mtu binafsi haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mtaa wa nyumba 80 tuliouanza nao utafika ukingoni ndani ya mwezi wa pili, na mweka hazina atalazimika kuzihamishia mahali pengine. Mahali gani? Hapo ndipo maneno huanza.

Paybill iliyosajiliwa kwa jina la chama au kampuni inaondoa sehemu kubwa ya haya. Kila mtu analipa kwa nambari moja, anaandika nambari ya nyumba kama akaunti, na taarifa ya mwezi inaonyesha nani kalipa, lini, kiasi gani na kwa msimbo gani wa muamala. Till inafaa duka zaidi: mnunuzi haandiki nambari ya akaunti, kwa hivyo mweka hazina atabaki akikisia 5,000 ya saa mbili usiku ilikuwa ya nyumba B7 au D2. Muhimu zaidi, kwenye akaunti ya biashara mnaweza kupanga mtu mmoja aanzishe malipo na mwingine ayaidhinishe. Kama mweka hazina peke yake anaweza kutoa pesa usiku wa manane, basi mmenunua paybill ya mapambo.

Kuna jambo dogo ambalo hata kamati nzuri hulisahau. Taarifa ya paybill inaonyesha pesa zilizoingia na zilikohamishiwa. Haionyeshi zilifanya nini baadaye. Zikihamia benki, dai pia taarifa ya benki. Hesabu ya mtaa iliyo na upande mmoja tu haijakamilika, hata ikiwa na rangi na grafu.

Namna ya kuuliza ili ujibiwe

WhatsApp ni mahali pazuri pa kutangaza kwamba maji yamekatika. Ni mahali pabaya pa kudai hesabu. Ukiuliza pale mbele ya watu 80, mwenyekiti atajibu kama mtu aliyetukanwa, wafuasi wake watamtetea, na kufikia jioni mazungumzo yatakuwa kuhusu adabu yako.

Andika barua au barua pepe kwa katibu, na nakala kwa mweka hazina. Taja nyumba yako, taja kwamba wewe ni mwanachama, na uombe vitu vinavyohesabika: taarifa ya paybill na ya benki kwa kipindi fulani, orodha ya malipo yaliyofanywa, mikataba ya kampuni ya ulinzi na ya uzoaji taka, na kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha ada ya sasa. Wape muda, wiki mbili hivi. Usiandike neno “wizi”. Huna ushahidi bado, na neno hilo linaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa wa kuchafulia mtu jina.

Wakinyamaza, msibaki mmoja mmoja. Tafuteni wenzenu wenye swali lilelile. Sheria ya Kampuni inawapa wanachama wenye kiwango fulani cha kura uwezo wa kuwalazimisha wakurugenzi kuitisha mkutano, na mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa azimio la kawaida la wanachama, mradi taarifa maalum imetolewa kama sheria inavyotaka. Kwa vyama, katiba yenu ndiyo itasema ni sahihi ngapi zinahitajika. Tafuta nakala ya katiba hiyo. Utashangaa ni wakazi wangapi wamelipa miaka kumi bila kuisoma, na wakati mwingine inayowashika wakazi mateka ni karatasi ambayo ingewafungua ukurasa wa nne.

Ikiwa ni chama na mkutano haujafanyika mwaka mzima, au hesabu hazijasomwa, Msajili wa Vyama ni mahali pa kupeleka barua yenu pamoja na nakala za barua za awali ambazo hazikujibiwa. Ndiyo maana tulisema uandike. Ofisi ya serikali haiwezi kufanya chochote na “tulimwambia mara nyingi”.

Usiache kulipa

Tunajua hasira inavyofanya kazi. Mtu anasema, “Sitoi hata ndururu mpaka wasome hesabu.” Inasikika kama msimamo, lakini kwa kawaida inampa mwenyekiti zawadi. Jana ulikuwa mwanachama anayedai hesabu. Leo wewe ni mdaiwa, na kila barua unayoandika itajibiwa na salio lako. Katiba nyingi pia zinamnyima kura mwenye malimbikizo, kwa hivyo siku ya uchaguzi, siku uliyoingojea, utakaa nyuma ukitazama. Na ukitaka kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi ataomba barua kwamba hudaiwi. Lipa, na kwenye barua yako andika kwamba unalipa huku ukipinga kiasi au matumizi. Weka ujumbe wa uthibitisho, na mara moja kwa miezi kadhaa pakua taarifa ya laini yako uihifadhi nje ya simu. Simu huibiwa kwenye matatu.

Kwa upande wa pili, kamati nayo ina mipaka hata inapodai deni halali. Kubandika getini orodha ya wadaiwa yenye majina, nambari za simu na kiasi kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na aliyebandikwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Kumfungia mtu maji ni jambo zito zaidi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inataja maji safi na ya kutosha kama haki ya kila mtu. Hata pale mkataba unapoonekana kuruhusu kukata, kamati inayokimbilia koki kabla ya kuandika barua ya madai inajitafutia amri ya korti. Deni hudaiwa kama deni.

Na pa kulidai pako karibu kuliko zamani. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, husikiza madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Kamati inaweza kuitumia kudai malimbikizo, na mkazi aliyetozwa mara mbili anaweza kuitumia kudai chake. Lakini usipeleke huko ugomvi wa nani mwenyekiti halali au mpaka wa ardhi. Mambo ya ardhi na matumizi yake yana Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambako utataka wakili, na ambako jaji anaweza kuwatuma kwanza kwa msuluhishi. Kwa majirani, usuluhishi mara nyingi ndio wenye akili, maana kesi ikiisha bado mtatumia geti moja.

Ukifika huko, picha za skrini pekee zinaweza kukuangusha. Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, ila huhitaji kuambatanishwa na cheti kinachoeleza zilitolewa vipi na kwenye kifaa gani. Msimbo wa muamala una nguvu kwa sababu unaweza kulinganishwa na rekodi yetu. Picha ya daftari haina mahali pa kulinganishwa.

Kamati mbili, paybill moja

Hii ndiyo simu ngumu kuliko zote kwenye dawati letu. Uchaguzi umefanyika, kamati ya zamani inasema haukuwa halali, na pande zote mbili zinatuandikia siku moja zikitaka nywila ya akaunti. Kila upande una mhuri. Mara nyingine mihuri inafanana.

Sisi hatuamui nani alishinda. Hatuna uwezo huo na hatuutaki. Tunachoangalia ni hati: cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, na nani ofisi ya usajili inamtambua kama afisa. Kwa chama, Msajili anaweza kuagiza kwa maandishi kwamba wanachama walete ushahidi ndani ya mwezi mmoja kuwa mgogoro wa viongozi umemalizwa, na wasipofanya hivyo chama kinaweza kufutwa kwenye sajili. Kwa kampuni, CR12 mpya ndiyo inayozungumza. Hati zikigongana, watu wa kubadilishwa kwenye akaunti hawabadilishwi mpaka kieleweke. Wakati huo askari bado wanataka mshahara, na ndiyo sababu tunasisitiza jambo hili lifanywe kabla uchaguzi haujafika, wakati watu bado wanasalimiana.

Kwa hivyo kwenye mkutano wenu ujao, kabla ya ajenda ya rangi ya ukuta, ongezeni hii: maafisa wapya wakichaguliwa, ndani ya siku 14 wa zamani watie sahihi fomu za kuhamisha akaunti, wakabidhi taarifa zote za miezi iliyopita, na mabadiliko yapelekwe kwa ofisi ya usajili wiki hiyohiyo. Andikeni kwenye kumbukumbu nani atafanya nini. Ukitaka orodha ya hati tunazohitaji kubadilisha wasimamizi wa paybill ya chama, fika kwenye duka letu lolote ukiwa na cheti cha usajili na kitambulisho, na umlete na afisa mwenzako. Mmoja peke yake hatutamhudumia kwa hilo.